Nyama ya Ugenini: Kutoka Gondokoro hadi Atlabara

Msafiri anaporudi kutoka nchi za mbali, swali analoulizwa kwanza na jamaa zake si habari ya serikali ya huko wala ya majumba yake. Huulizwa: "Mlikuwa mkila nini?" Na akijibu kwamba alikula wali kwa kuku, wasikilizaji huwa kama watu waliopunjwa. Walitaka kusikia habari ya nyoka, ya mamba, ya farasi. Tabia hii ni kongwe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwa kuridhika habari za wali uliotiwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Alipokwenda Mali, miaka ishirini hivi baadaye, hakuacha kuandika kwamba wengi wa watu wa huko walikula mizoga, mbwa na punda. Wali ule wa Mogadishu na punda wale wa Mali vimo katika kitabu kimoja, lakini hatudhani tutakosea tukisema kwamba punda ndio wanaokumbukwa upesi zaidi.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama desturi hiyo ya kula na kusimulia nyama za ugenini kwa kutumia mahali pamoja, yaani ukingo wa Mto Nile pale ulipo mji wa Juba, na hasa mtaa wake wa Atlabara. Wasemaji wa Kiswahili wamefika pande hizo mara kadhaa, katika hali zilizo mbalimbali kabisa, na kila mara jambo la nyama liliwakabili. Tutakaloshikilia ni kwamba kwa msafiri wa Kiswahili ugeni wa nyama haukutokana sana na mnyama mwenyewe. Ulitokana na mkono uliomchinja na njia iliyomleta.

Lugha yetu yenyewe yatoa ushahidi. Neno nyama tunalo pamoja na ndugu zetu wa lugha nyingi za Kibantu, nalo zamani lilimtaja mnyama aliye hai na pia minofu iliyomo chunguni. Lakini tazama jinsi Kiswahili kinavyojishughulisha na nyama isiyochinjwa: kuna mzoga, kuna nyamafu, na kuna kibudu, yaani mnyama aliyekufa pasipo kisu cha sheria kumpitia. Maneno halali na haramu yalikuja na dini kutoka katika Kiarabu. Kuna na mzio, ambao kabla ya waganga wa hospitali kulichukua neno hilo kwa maana yao, ulikuwa chakula ambacho mtu au ukoo hukatazwa. Na kuna uchu, ile hamu ya nyama inayomkamata mtu aliyeshinda na mboga siku nyingi. Mwalimu anayefundisha maneno haya kama orodha ya kukariri humnyima mwanafunzi nusu ya utamu wake, kwani yana safari nyingi ndani yake.

Tuanze na safari moja. Mwezi wa Septemba 1860 msafara wa John Hanning Speke na James Grant uliondoka Unguja. Kiongozi wa watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na hatimaye akarudi Afrika akiwa huru. Tarehe 15 Februari 1863 wachache waliosalia katika msafara ule waliingia Gondokoro, kituo kilichokuwa ukingo wa mashariki wa Nile, kilomita chache tu kutoka mahali ilipo Juba. Huko walimkuta Samuel Baker, aliyekuwa ametoka Khartoum siku zile zile. Vitabu vya historia hupenda kueleza jinsi Waingereza hao walivyopeana mikono. Sisi twapenda kuwatazama Bombay na wenzake, ambao ni miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa kwanza ambao maandishi yanatuonyesha wakisimama mahali pale.

Watu hao waliitwa Waungwana. Wengi wao walizaliwa bara, wakapitia utumwa, na uungwana wao walikuwa wameupata pwani. Moja ya alama zake ilikuwa kisu. Katika maandishi ya wasafiri wa Kizungu wa karne hiyo twasoma mara kwa mara jinsi watu wa msafara walivyomkimbilia mnyama aliyepigwa risasi, kisu mkononi, ili wamchinje kabla roho haijatoka. Mzungu akiwachelewesha, au mnyama akifa mapema, lundo zima la nyama laweza kuachwa, ijapokuwa watu wana njaa. Waandishi hao aghalabu walilitaja jambo hili kwa dhihaka, wakiliona kuwa ukaidi au ushirikina. Hawakuelewa kwamba swala, nyati na kifaru kwa mtu yule walikuwa nyama za kawaida. Lililomtenga muungwana na mshenzi, kwa fikira za wakati ule, lilikuwa tendo la kuchinja. Mtu aliyepoteza kabila, jina na nyumba ya wazazi wake hakuwa tayari kulipoteza na hilo kwa ajili ya paja la nyati.

Basi huko Gondokoro palikuwa na nyama ya namna gani? Palikuwa na ng'ombe, na sisi twaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliotoka Khartoum walikuwa wamejenga boma zao sehemu nyingi za nchi ile. Baker ameueleza utaratibu wao vizuri. Kundi lenye bunduki huzunguka kijiji usiku, alfajiri likakivamia, likatwaa wanawake, watoto na ng'ombe. Ng'ombe wale wa kijiji kimoja ndio waliotolewa katika kijiji kingine ili kununua pembe, kulipa wapagazi, na kulisha majeshi. Ng'ombe alikuwa fedha, naye alikuwa fedha ya wizi. Speke na watu wake walifika Gondokoro wakifuatana na kundi la watu wa Andrea De Bono, Mmalta aliyekuwa mmoja wa wafanyabiashara hao. Wengi wa watu wa boma walikuwa Waislamu, na bila shaka walijua kuchinja. Kwa hukumu ya kisu nyama yao ilikuwa safi. Lakini mnyama mwenyewe alikuwa ametoka wapi? Wanazuoni wana neno la kusema juu ya mali ya kunyang'anya, wala si neno jepesi. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi huona swali la halali limekwisha pale kisu kinapofutwa.

Kutoka Gondokoro Bombay na wenzake waliteremka na mto mpaka Cairo, kisha wakarudishwa kwao kwa njia ya bahari. Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtunukia Bombay nishani ya fedha.

Kundi jingine la watu wa Unguja lililokwenda kuelekea nchi hiyo lilipata taabu isiyo na mfano. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliajiri Unguja watu zaidi ya 600 ili kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri, ambaye zamani makao yake yalikuwa Lado, karibu na Juba ya leo. Walizungushwa kwa meli iitwayo Madura kupitia Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa Mto Kongo, na katika meli hiyo hiyo alikuwamo Tippu Tip pamoja na watu wake. Mwezi wa Juni watu 389 waliondoka Yambuya kuingia msitu wa Ituri. Walipotokea upande wa pili, mwezi wa Desemba, walikuwa chini ya nusu.

Ndani ya msitu ule walikula uyoga, viwavi, konokono na mchwa. Stanley ameeleza siku punda wake alipouawa: watu waligombania ngozi, mifupa na kwato. Punda wa kufugwa ni haramu kwa Mwislamu. Watu wale walilijua hilo tangu utotoni. Sheria nayo humruhusu aliyeshikwa na dharura kula kiasi cha kumponya na kifo, kwa hiyo hatuna haki ya kuwahukumu. Lakini yafaa mwalimu anayesomesha habari za safari za kale awaonyeshe wanafunzi tofauti iliyopo kati ya mtu anayeonja kiwavi ili apate la kusimulia na mtu anayemtafuna kwa sababu mwenzake wa jana amezikwa leo. Vitabu vya wasafiri huchanganya mambo haya mawili kana kwamba ni tukio moja.

Baada ya hao walibaki askari. Baker alirudi Gondokoro mwaka 1871, safari hii akiwa mtumishi wa Khedive wa Misri. Charles Gordon alihamisha kituo kwenda Lado mwaka 1874. Emin alikabidhiwa jimbo mwaka 1878. Askari wao walitoka katika makabila mengi na kuelewana kwa Kiarabu cha kambini, ambacho ndicho chanzo cha Kiarabu cha Juba na cha Kinubi kinachosemwa Kibra nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Mji wenyewe wa Juba ulikua katika miaka ya 1920, Waingereza walipokuwa wakihamisha makao ya utawala kutoka Mongalla. Majina ya mitaa yake ya zamani yasomeka kama kitabu. Malakia ni jina ambalo miji ya jeshi ilizipa sehemu za raia. Hai Jalaba ni mtaa wa majalaba, wachuuzi waliotoka kaskazini. Na Atlabara, ambao wapenzi wa kandanda hulijua jina lake kwa sababu ya timu yake, ni maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya "toka nje".

Tuongeze hapa jambo dogo litakalowafurahisha walimu wenzetu. Katika mwaka mmoja, 1928, mikutano miwili ilikata shauri juu ya lugha za watu wetu. Mmoja ulifanyika Rejaf, kusini kidogo ya Juba, nao ukachagua lugha za kufundishia kusini mwa Sudani, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Mwingine ulifanyika Mombasa, nao ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Juba na Mombasa, basi, zilitenganishwa kwa karatasi katika mwaka mmoja. Soko halikutia sahihi karatasi hizo.

Hiyo ndiyo sababu Atlabara ni mahali pazuri pa kujifunzia. Baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wafanyabiashara, mafundi, madereva na wapishi kutoka Uganda, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Eritrea walimiminika Juba. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule ilipokamilika mwaka 2012, safari ya kutoka Kampala ikawa ya siku moja. Vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 viliwatawanya wengi, na wengi walirudi. Mswahili aliyeketi kwenye mabao ya mitaa hii akisubiri kulishwa amekutana na vyakula vitatu ambavyo husimuliwa kwao kama maajabu, na sisi twapenda kuvieleza kwa utaratibu.

Cha kwanza ni kawari. Ni kwato na miguu ya ng'ombe, iliyobabuliwa manyoya, ikakwanguliwa, ikachemshwa usiku kucha mpaka mishipa inakuwa kama gundi na mchuzi unashika midomo. Huliwa asubuhi kwa mkate, ndimu na pilipili. Tumewasikia vijana waliotoka Dar es Salaam wakikisimulia chakula hiki kama kitu kisichopata kuonekana duniani, ilhali wao wenyewe wamekulia penye sufuria za makongoro! Kawari ni makongoro. Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake ni hizo kwato. Lililobadilika ni jina tu na lugha ya mama anayepakua. Na jina geni likiingia sikioni, ulimi nao hujidai umeonja kitu kigeni.

Cha pili ni sharmut. Neno hili kwa Kiarabu hutaja kitambaa kilichoraruliwa vipande virefu, na mtu aliyeona nyama hiyo ikining'inia kambani hahitaji kamusi. Nyama hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, kisha hutwangwa katika kinu mpaka iwe unga wenye nyuzi. Vitunguu hukaangwa, unga huo hutiwa, mchuzi hushikwa kwa weka, yaani bamia kavu zilizosagwa, nao huitwa mula. Huliwa kwa asida, ambayo kwetu ni ugali, au kwa kisra, chapati nyembamba za mtama. Harufu yake ni kali kuliko ya nyama mbichi, na mgeni wa mara ya kwanza huweza kudhani imeoza. Haikuoza hata kidogo. Ni chakula cha nchi yenye jua kali na safari ndefu, chenye kazi ile ile inayofanywa na nyirinyiri kaskazini mwa Kenya, ijapokuwa huko nyama hukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Askari, mchungaji na mchuuzi jalaba wote walikihitaji. Kwa maoni yetu hiki ndicho chakula bora katika vitatu hivi, na anayekikataa kwa harufu amejinyima.

Cha tatu ni marara, nacho kina ugumu wa kweli. Ni maini, mapafu na matumbo yaliyooshwa sana, yakakatwakatwa na kuliwa mabichi pamoja na vitunguu, pilipili, ndimu, na nyongo, ambayo ndiyo iliyokipa jina lake. Chakula hiki kilitoka kaskazini. Hapa Mswahili hukwama. Wala kisu hakina lawama safari hii, maana waliokileta ni Waislamu kama yeye na mnyama wao amechinjwa ipasavyo. Kinachomzuia ni moto usiotumika. Katika fikira zetu nyama isiyopita motoni bado ni ya fisi. Lakini Mwethiopia mwenye hoteli jirani atakuletea kitfo, nyama mbichi ya kusaga iliyotiwa pilipili na samli, naye ataona ajabu kwamba umeipeleka jikoni ikapikwe. Sisi hatukukimaliza chakula hiki, wala hatumshauri mwalimu yeyote akilazimishe tumbo lake kwa ajili ya heshima. Wenyeji wa meza hizo wameona wageni wengi, na neno la shukrani linalotolewa kwa adabu huwatosha.

Liko jambo ambalo msafiri hulipita bila kuliona kwa sababu macho yake yako kwenye sahani. Kaskazini ya Juba, kando ya Nile, wanaishi Wamundari, na mbele zaidi Wadinka na Wanuer. Nchi yao imejaa ng'ombe, nao hawawachinji kwa sababu tu ya uchu. Ng'ombe ni mahari, ni fidia, ni sadaka. Kijana hupata jina kutokana na rangi ya dume lake na humwimbia. Ng'ombe huchinjwa panapokuwa na sababu, na sehemu zake hugawanywa kwa kufuata undugu, hivi kwamba anayejua paja limekwenda kwa nani amejua ukoo mzima. Mgeni aliyepewa kipande katika mgawo kama huo amepewa nafasi katika hesabu ya ndugu. Nyama ile yaweza kuwa imechemshwa kwa maji na chumvi tu, isiwe na la kusimulia kwa mtafuta maajabu, lakini hakuna nyama nyingine katika nchi hiyo yenye thamani kuipita.

Twafika kwenye nyama ambayo wageni huiulizia sana kuliko zote, nayo ni nyama ya mwitu. Mashariki ya Nile, katika mbuga za Badingilo na Boma na nchi iliyo kati yake, wanyama wa jamii ya swala huhama kwa makundi kila mwaka. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 na kutangazwa mwaka 2024 ilikadiria kwamba ni karibu milioni 6, nao wakasemwa kuwa ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama wa nchi kavu. Wengi wao ni wale sunu wenye masikio meupe. Vita vya miaka mingi havikuwamaliza. Sasa kuna pikipiki, barabara na bunduki za kila aina, na nyama iliyokaushwa kwa moshi hufika Juba ikiwa imefungwa magunia.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuonja jambo hili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980 ulipata sifa duniani kwa kuwachomea watalii nyama ya punda milia na kongoni waliotoka katika mashamba yenye kibali, mpaka biashara hiyo ilipokatazwa mwaka 2004. Mtalii wa Nairobi aliletewa jina la mnyama pamoja na nyama, kwa sababu jina ndilo alilolinunua. Sokoni Juba mambo ni kinyume. Nyama iliyotoka mwituni huuzwa kama nyama kavu tu, na muuzaji hana haja ya kulitaja jina la mnyama ambalo laweza kumletea polisi. Mswahili wa leo anayeuliza swali la Waungwana, "Nani kachinja?", hatapata jibu, kwa sababu mnyama alikufa kwa risasi au kwa mtego mbali sana, na aliyekuwapo hayuko sokoni. Kwa sheria ya kisu ni kibudu. Kwa sheria ya nchi ni mali ya wizi. Na mgeni anayetaka kuonja mara moja tu ili apate la kusimulia hayuko peke yake: kila basi linalotoka Nimule lina mwenzake.

Sudani Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, mjini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaomba walimu wa Kiswahili kutoka Tanzania. Mwalimu atakayesimama mbele ya darasa la Juba atafikia, mapema au baadaye, somo la sokoni, na vitabu vyetu vingi humpa bucha, kilo moja ya steki na mizani. Tungependa aanze na sufuria. Awaulize wanafunzi wa Atlabara chakula cha asubuhi walichopita nacho njiani, nao watasema kawari. Ndipo aandike ubaoni neno makongoro.